Sifuri Baada ya Saba

Franeker, 10 Januari

Shangazi Baukje,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ulimi wangu unafunga, na wewe unajua. Uliponipigia siku yangu ya kuzaliwa nilisema "ndiyo" mara sita na "asante" mara mbili, kisha nikampa Mama simu. Kwenye karatasi naweza kufuta.

Jambo lenyewe ni Jelmer. Barua ya hospitali imefika. Tarehe 26 Februari ataletwa kwenu Veldhoek, alazwe ndani ya ile mashine yenu ya picha, yenye sumaku ya nguvu za tesla saba. Daktari wake wa kifafa anasema mashine za kawaida zimempiga picha mara tatu tangu akiwa na miaka kumi na moja na hazijaona kitu, lakini anaamini kuna kovu dogo nyuma ya panja la kushoto, kati ya jicho na sikio. Wakiliona wanaweza kulikata. Wasipoliona atabaki na vidonge na kuanguka. Ana miaka kumi na tisa, Shangazi, na hajawahi kuteleza kwenye barafu bila mtu kumfuata nyuma.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kikaratasi cha maelezo. Mstari wa nne unasema: "Mawimbi ya redio yanaweza kupasha joto tishu za mwili." Mama amekibandika kwenye friji, na sasa kila anayetaka maziwa lazima asome mstari wa nne. Jelmer ameandika chini yake kwa penseli: "Hatimaye nitapata joto mwezi Februari." Baba alicheka. Mama alifunga mlango wa friji kwa nguvu.

Swali langu ni hili: mnajuaje kwamba hataungua? Usiniambie nisijali. Wote wananiambia hivyo. Nataka kujua mnajuaje.

Nisamehe kwa kukusumbua, najua una kazi nyingi.

Hiske


Veldhoek, 16 Januari

Hiske wangu!

Barua! Yenye stempu! Nimeitembeza kituo kizima kama mtu aliyeokota kobe. Nafanya kazi hii miaka kumi na minane, na wa kwanza kuniuliza "mnajuaje" ni mtoto wa kaka yangu mwenye miaka kumi na sita. Kaa chini, nikujibu.

Sumaku yenyewe haipashi joto. Kinachopasha joto ni redio tunayoitumia kuuliza maji ya mwilini yako wapi. Mgonjwa anavaa kichwani kitu kama ndoo isiyo na kitako, na ndani ya ndoo kuna antena nane zimemzunguka. Sasa fikiria watu wanane wamesimama kuzunguka bwawa, kila mmoja anapiga maji kwa kiganja. Mawimbi yanakutana katikati. Mahali pengine yanabebana na kuwa marefu, mahali pengine yanauana. Kwenye mashine ya kawaida wimbi ni refu kuliko kichwa, kwa hiyo mambo ni tulivu. Kwetu wimbi ni fupi, sentimita kumi na tatu hivi, na mikutano yote inafanyika humohumo ndani ya ubongo. Panapokutana mawimbi marefu ndipo penye joto. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba hakuna kipande cha kichwa, hata kidogo kama zabibu, kinachopokea kupita kipimo.

Tunajuaje? Kwanza kompyuta inahesabu. Halafu tuna Koos. Koos ni kichwa cha jeli: maji, chumvi na agari ya kugandishia ndani ya fuvu la plastiki, na vipimajoto vinne vya nyuzi za kioo vimechomekwa ndani yake, maana waya wa shaba ungegeuka antena na kutudanganya. Novemba tulimwasha Koos dakika ishirini. Kompyuta ilisema atapanda nusu nyuzi ya joto. Koos alipanda nusu nyuzi! Fundi wetu Gerlof alifungua biskuti alizokuwa ameficha tangu sikukuu ya Sinterklaas ya Desemba iliyotangulia, na tukazila hivyohivyo na ukavu wake.

Na kuna jambo zuri zaidi. Mpangilio wa kawaida tunauita mduara: wote wanane wanapiga kwa nguvu moja, mmoja baada ya mwenzake. Lakini mduara unaacha giza kwenye mapanja, palepale tunapotaka kuona! Kwa hiyo nimemtengenezea Jelmer mpangilio wake mwenyewe. Wengine wananong'ona, wengine wanapiga kelele, na mwanga unaingia panjani vizuri mno. Namba tatu ndiye mwenye kelele kuliko wote. Nakuwekea jedwali, maana najua wewe bila jedwali hulali: antena 0 hadi 7. Sifuri iko mbele ya pua, kisha unazunguka kuelekea sikio la kushoto.

Uliza tena. Nimefurahi kama mtoto.

Shangazi yako wa sumaku,
Baukje


Franeker, 25 Januari

Shangazi,

Tumefanya jaribio. Tulichukua lile beseni la kumwogeshea mbwa, tukalijaza, nikanyunyiza pilipili manga juu ya maji ili mawimbi yaonekane. Mikono miwili kwa kila mtu, watu wanne, jumla antena nane.

"Mama, wewe ni sifuri na moja," nikasema.

"Kwa nini mimi niwe sifuri?"

"Kwa sababu umekaa upande wa pua."

"Miaka ishirini nawapikia, leo naitwa sifuri."

Jelmer alikuwa mbili na tatu. "Yaani mkono mmoja ninong'one na mwingine nipige kelele?" akauliza. "Hii ni kazi ya mwanasiasa." Baba alikuwa nne na tano, mimi sita na saba. Nikahesabu, tukaanza. Kelele ya Jelmer ilimlowesha Baba mpaka kifuani, mbwa akadhani ni zamu yake, akaingia. Mama alicheka mpaka akashika meza. Ndiyo mara ya kwanza tangu kikaratasi kile. Shangazi, kabla mbwa hajaingia niliona! Kulikuwa na sehemu moja karibu na ukingo ambapo pilipili ilirukaruka, na shubiri moja pembeni maji yalitulia kama kioo. Sikuwahi kuona jambo la kitabuni likitokea jikoni kwetu.

Sasa natengeneza jingine la uzi na kadibodi, ili nipime vizuri. Kila antena ni msumari, kila wimbi ni uzi wenye rangi mbili, nyekundu linapopanda na bluu linaposhuka. Jedwali lako liko mbele yangu. Je, fundi anaweza kunichorea ile ndoo kama ilivyo, na matundu yake ya waya? Kama hana nafasi, basi, si lazima.

Jumapili iliyopita hatukwenda kwenye barafu. Barafu ilikuwa nzuri.

Hiske

*Shangazi, ni mimi Jelmer, stempu ya barua naibandika mimi kwa hiyo nimeisoma. Huyu hakuambii. Jumapili ile nilianguka bafuni, dakika nne, na nyumbani tulikuwa mimi na yeye tu. Aliniwekea sweta chini ya kichwa, akatazama saa, akaita gari la wagonjwa na kuzungumza nao vizuri kabisa, bila kukwama hata neno moja. Halafu hakusema kitu siku mbili. Usimwambie nimekwambia. J.*


Veldhoek, 31 Januari

Hiske,

Fupi tu, nina mkutano. Madaktari wa Jelmer wamepiga simu, tarehe imewahishwa: Alhamisi, 12 Februari. Wanataka picha mapema kwa sababu zao wenyewe. Mimi sijaambiwa kitu na mtu yeyote, wala sijui habari za bafu la mtu.

Mpangilio wa Jelmer umeshaingizwa kwenye mashine. Kila kitu tayari!

Mchoro wako huu hapa. Gerlof ameufunga kwa gundi kama siri ya jeshi, hata mimi sijauona.

Baukje


*(ndani ya bahasha ndogo)*

Binti Hiske,

Mimi si mtu wa kalamu. Kabla ya kuja hapa nilikuwa fundi wa simu miaka ishirini na miwili, na huko tulizungumza na waya tu. Daktari Baukje ananiambia umetengeneza mfano kwa uzi. Hilo nimelipenda. Wanaokuja hapa na shahada zao hawajui hata kushika koleo.

Huu ndio mchoro. Matundu ni manane. La 1 liko puani, la 2 linafuata kwenda upande wa kushoto, hivyohivyo mpaka la 8 linalorudi karibu na pua. Namba nimeziandika mwenyewe kwa wino, maana stika zinabanduka. Waya nazichomeka mimi peke yangu, hakuna mwingine anayegusa. Kwa hiyo kaka yako yuko kwenye mikono ya mtu mmoja tu, na mikono hiyo haitetemeki.

Gerlof Wassenbergh


Franeker, 7 Februari, Jumamosi

Shangazi,

Nimeanza barua hii mara tatu. Pengine nitakuwa nimekosea, na kama nimekosea naomba usiwasomee watu wa kituo.

Nimeweka jedwali lako upande wa kushoto na mchoro wa Bwana Gerlof upande wa kulia. Jedwali lako lina 0 hadi 7. Mchoro wake una 1 hadi 8. Kwako pua ni sifuri. Kwake pua ni moja.

Sasa: anapochukua mstari wako wa namba tatu, anauchomeka kwenye tundu gani? Kama anauchomeka kwenye tundu alilolipa namba tatu, basi hilo ni la tatu kwa kuanzia puani kwenye moja, na kwako wewe hilo ni mbili! Mwenye kelele anahama hatua moja. Badala ya kukaa nyuma ya sikio anakuja kukaa sikioni kwenyewe. Wote wanahama hatua moja. Na sifuri yako inakwenda wapi? Kwake hakuna tundu la sifuri.

Nilifikiri, haiwezekani, Koos angewaambia. Nikashinda juzi yote na uzi. Kisha nikaelewa, na niliruka, Shangazi, niliruka kweli, Jelmer alikuja kuuliza kama kuna panya. Kwenye mduara haijalishi! Wote wanapiga kwa nguvu moja, mmoja baada ya mwenzake. Ukiwahamisha wote hatua moja ni ngoma ileile, imechelewa kuanza kidogo tu. Koos hawezi kugundua. Lakini mpangilio wa Jelmer una wa kunong'ona na wa kelele. Ukiwahamisha hao, mawimbi yanakutana mahali pengine kabisa. Kwenye uzi wangu nyekundu zote zinakutana ndani kidogo ya sikio la kushoto.

Halafu nikarudia barua yako ya Januari. Umesema Koos alipimwa Novemba. Jelmer alipata miadi Januari. Kwa hiyo Koos hajawahi kuwashwa kwa mpangilio wa Jelmer. Au amewashwa, na hukuniandikia?

Nikiposti leo itafika Jumanne, kwa sababu Jumatatu posta hawagawi barua. Jumanne mpaka Alhamisi ni siku mbili. Naona zinatosha. Sijui kama zinatosha.

Hiske


Veldhoek, 10 Februari

Mpenzi wangu Hiske,

Barua yako imefika leo asubuhi. Lakini simu yako ilifika juzi Jumapili, na nataka uwe na maandishi ya siku hiyo kutoka kwa mtu aliyekuwa upande wa pili wa waya.

Nilikuwa nakunywa supu ya njegere. Simu ikalia, namba ya kwenu. Nikasema "Hallo?" Pumzi. Halafu sauti yako: "Sifuri." Nikasema, "Hiske?" Ukasema, "Sifuri. Sifuri yake." Nikasema, "Sifuri ya nani, mwanangu?" Ukasema, "Ya Gerlof, muulize iko wapi," ukakata.

Nilikaa na kijiko mkononi. Nilidhani una homa. Halafu, sijui kwa nini, nikachukua koti.

Gerlof anakaa mtaa wa nyuma ya kituo. Nilimkuta anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

"Gerlof, kwenye jedwali langu la Jelmer, sifuri umeichomeka wapi?"

"Nane."

"Kwa nini nane?"

"Si ndiyo ya mwisho? Kwenye simu ya kuzungusha kidole sifuri iko baada ya tisa. Jedwali lako linaishia saba, basi iko baada ya saba. Kwani wewe unaiweka wapi?"

"Mwanzo!"

"Mwanzo?" Alinitazama kama mtu aliyeambiwa maji yanapanda mlima. "Daktari, nani anaanza kuhesabu kabla hajawa na kitu?"

Hiske, mimi nina shahada tatu, na pale barabarani nilichoweza ni kumvuta mkono wa koti tu.

Tulikwenda kituoni palepale, yeye na kikwangulio chake mkononi. Tukamlaza Koos ndani, waya zikiwa kama zilivyokuwa, tukawasha mpangilio wa Jelmer. Dakika ya kwanza, kimya. Dakika ya pili kipimajoto cha sikio la kushoto kikaanza kupanda. Dakika ya tatu kilikuwa kimeshapita kile ambacho kompyuta ilikuwa imeruhusu kwa dakika ishirini nzima. Gerlof alizima kabla sijafungua mdomo. Halafu nikapiga kelele ya furaha, na nikamkumbatia, na yeye si mtu wa kukumbatiwa, kwa sababu kilichopata joto mbele yetu kilikuwa jeli.

Utauliza ingekuwaje. Nakujibu kwa sababu wewe unauliza kweli. Mashine ina kikomo chake cha nguvu, lakini kikomo hicho kinatazama jumla ya kichwa, hakioni kona. Pengine angehisi moto sikioni na kubonyeza ule mpira wa dharura tunaompa kila mgonjwa. Pengine asingehisi, maana ubongo wenyewe hausikii joto. Sijui, na sitaki kujua.

Swali lako la pili ndilo lililoniuma. Hapana, Koos hakuwahi kuwashwa kwa mpangilio wa Jelmer. Nilikuandikia habari za Koos na habari za mpangilio kwenye ukurasa mmoja, ukaamini vinakwenda pamoja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini hivyo. Kompyuta ilisema sawa, mduara ulikuwa sawa, tarehe ikasogezwa, nikaacha. Hilo ni kosa langu, halina Gerlof ndani yake. Nimeshaliandika na kulipeleka kwa kamati ya usalama. Tumemwasha Koos tena baada ya kurekebisha, na amefuata hesabu mstari kwa mstari, lakini kamati lazima iamue.

Alhamisi haiwezekani tena. Naomba 19 Februari. Madaktari wa upasuaji wanakutana tarehe 24 kupanga wagonjwa wao, na wasipokuwa na picha ya Jelmer siku hiyo, nafasi nyingine ni Septemba.

Mama yako nitampigia mwenyewe leo. Usibebe hilo.

Shangazi yako, mwenye aibu na furaha kwa pamoja, mchanganyiko mgumu kulala nao,
Baukje


Franeker, 14 Februari

Shangazi,

Ulipompigia, Mama aliketi kwenye ngazi, ngazi ya tatu, na hakuinuka mpaka chai ikapoa. Alisema, "Simpeleki." Baba akasema labda tusubiri Septemba. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na nilijiona mimi ndiye niliyeharibu. Kama ningenyamaza, nilifikiri. Kisha nikafikiria ingekuwaje kweli kama ningenyamaza, nikaenda kukaa karibu na mbwa.

Jelmer alishuka akiwa na soksi moja.

"Mama, hospitali zote ulizonipeleka tangu nina miaka kumi na moja, uliwahi kuambiwa na yeyote kwamba amekosea?"

"Hapana."

"Na unafikiri hawajawahi kukosea? Hii ndiyo mashine pekee nchi nzima ambayo mimi najua ilikosewa wapi, na nani aliiona. Mimi ni mtu mzima. Nakwenda hata kwa baiskeli."

"Kilomita mia mbili na hamsini? Wewe? Ukianguka njiani?"

"Ndiyo sababu nakwenda, Mama."

Halafu Mama akafuta mikono kwenye sketi, ingawa haikuwa na maji. "Basi Hiske awe ndani," akasema. "Wakati wanachomeka hizo waya, Hiske awepo, aone kwa macho yake."

Shangazi, ndani kutakuwa na watu wangapi?

Hiske


Veldhoek, 16 Februari

Sita. Pumua.

Kamati imekubali tarehe 19! Wametoa masharti matatu. Kila mpangilio mpya uwashwe kwanza kwa Koos asubuhi ya siku ileile. Namba zifutwe kabisa: jedwali na matundu sasa ni herufi, A hadi H, na Gerlof anasema hata kampuni ya simu haikuwahi kuweka A mwisho. Sharti la tatu ni kwamba mimi nisiwe chumbani. Ni shangazi wa mgonjwa, na ni mimi niliyekosea. Nimesaini bila kubisha. Ataendesha mwenzangu Daktari Teunissen, ambaye ni mkali na ana haki ya kuwa mkali.

Nitakuwa kwenye gari, uwanjani, nimegeuzia kituo mgongo. Niandikie kila kitu. Usifute.

B.


Franeker, 20 Februari

Shangazi,

Sifuti.

Tulifika saa mbili asubuhi na Koos alikuwa ameshalala ndani. Daktari Teunissen alinionyesha skrini: mstari wa kompyuta na mistari minne ya vipimajoto, imelaliana mpaka hujui ipi ni ipi. Alinieleza kama anayemweleza mtu mzima. Halafu wakamtoa Koos, wakaleta ndoo mezani kwa ajili ya Jelmer, na Bwana Gerlof akaanza kuchomeka waya. Watu sita, kama ulivyosema. Nilihesabu mara mbili.

Ulimi ulifunga. Nilikuwa nimeandika swali kwenye kiganja na jasho lilikuwa limelifuta. Bwana Gerlof aliinua waya wa kwanza akanitazama, akasubiri. Wote wakasubiri. Daktari Teunissen akatazama saa ya ukutani, na Bwana Gerlof akamwambia, bila kugeuka, "Tunamsubiri mkaguzi."

"A iko wapi?" nikasema.

Sauti ilitoka kubwa mno, Shangazi. Nadhani uliisikia garini.

"A iko puani," akasema, akaigusa.

"B?"

"B, kushoto kwa mgonjwa. Wake, si wangu."

Tukaenda hivyo mpaka H, yeye anagusa, mimi nafuata kwa kidole kwenye jedwali. Tulipofika D, yule mwenye kelele, aligusa mara mbili. Kisha Daktari Teunissen akasema, "Tena, kutoka H kurudi nyuma," na hapo nikampenda.

Jelmer aliingia akiwa amevaa lile gauni lenu la kufungwa mgongoni. Alisema kwamba akisukumwa ndani alihisi kama chumba kinazunguka, na mdomoni akapata ladha ya sarafu ya chuma, lakini Daktari alikuwa ameshamwambia hivyo, kwa hiyo hakuogopa. Dakika arobaini. Ile kelele! Kama mtu anayepigilia misumari kwenye meli akiwa amekasirika. Kila baada ya picha moja Daktari alibonyeza kitufe na kumuuliza kama anasikia joto popote, na kila mara Jelmer alijibu kitu tofauti. Mara ya kwanza "hapana". Mara ya pili "miguu inaganda, mna soksi?" Mara ya tatu alimwomba aniulize mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye uzi. Watu walicheka na mimi nikacheka pamoja nao, nikiwa nimesimama katikati yao. Mstari wa nguvu kwenye skrini haukufika hata nusu ya kikomo.

Kisha picha zikaanza kuja, na daktari wake wa kifafa, aliyekuja pia kutazama, akasogeza kiti. Panja la kushoto lilikuwa na mwanga kama mchana. Alipitisha kipande kimoja cha picha, kipande kingine, kingine, polepole. Akarudi nyuma kimoja. Akaweka kidole kwenye kioo, jambo ambalo naona mmekatazwa, maana Daktari Teunissen alikunja uso, lakini hakumzuia.

"Wewe hapo," akasema. "Miaka minane nakutafuta."

Kovu ni dogo kama punje ya dengu, Shangazi. Ni ukungu mdogo wa kijivu mahali ambapo pangekuwa na mstari mkali. Anasema liko mahali panapofikika. Anasema tarehe 24 atakwenda mwenyewe, picha yake mkononi. Mama, nyuma ya kioo cha mlango, hakuwa amesikia neno, lakini aliona kidole kile kwenye skrini, akageukia ukuta.

Walipomvuta Jelmer nje alikaa kwenye ukingo wa kitanda, nywele zimelala upande mmoja, alama ya sponji ya ndoo shavuni. Nilimwendea. Kulikuwa na watu sita na Mama na Baba mlangoni, na sikufikiria kuhusu hata mmoja wao. Nilimwekea kiganja kwenye panja la kushoto, kati ya jicho na sikio, nikakiacha hapo. Palikuwa pa baridi. Chini ya ngozi mshipa ulikuwa unapiga taratibu.

"Vipi, profesa?" akasema.

"Nyamaza," nikamwambia. "Bado napima."

Hiske